Kupima Tovuti Yenye Sura Tofauti kwa Kila Mtu

Mwaka 1979, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufungua tovuti, Elaine Rich wa Marekani alichapisha katika jarida la Cognitive Science maelezo ya programu aliyoiita Grundy. Programu hiyo ilifanya kazi ya mkutubi. Mtu aliketi mbele ya mashine akajieleza kwa maneno machache, nayo Grundy ikamhusisha na aina za watu ilizokwisha kufundishwa, kisha ikampendekezea riwaya. Mtu akisema kitabu hakimvutii, Grundy ilimwuliza sababu, ikarekebisha dhana yake juu yake na kujaribu kingine. Rich hakutosheka kuona mashine inafanya kazi. Alitaka kujua kama ubashiri wake una faida yoyote, kwa hiyo alilinganisha mapendekezo ya Grundy na vitabu vilivyochaguliwa bila kumjua msomaji. Historia ninayotaka kuisimulia inaanzia kwenye ulinganisho huo, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo makampuni makubwa yalikuja kulisahau kwa muda mrefu: mtu huyu amesaidika kuliko ambavyo angesaidika kama mashine isingejua lolote juu yake?

Miaka sita baadaye, mwaka 1985, Saul Greenberg na Ian Witten wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walitengeneza kitabu cha simu cha kwenye kompyuta. Majina yanayotafutwa mara nyingi yalipanda juu yakafikiwa kwa hatua chache, na yasiyoguswa yakashuka chini. Washiriki waliyapata majina haraka zaidi kuliko walipotumia kitabu kisichobadilika. Ilikuwa habari njema kwa waliotamani kompyuta inayojifunza tabia za mwenyewe. Lakini mwaka 1989 Jeffrey Mitchell na Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland walijaribu menyu ambazo vipengele vyake vilihama kufuata matumizi, wakakuta kwamba mwanzoni menyu iliyotulia ndiyo ya haraka, na walio wengi waliipenda hiyo iliyotulia.

Majaribio haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Katika kitabu cha simu, kujipanga kwa mashine kulifupisha njia ndefu kweli kweli. Katika menyu fupi hakukuwa na njia ya kufupisha. Kilichobaki ni usumbufu wa vitu kuhamahama. Jicho na mkono hukariri mahali. Mpishi ambaye kila asubuhi anakuta sufuria zake zimehamishwa rafu hatashukuru kuambiwa kwamba ile anayoitumia zaidi imewekwa karibu. Atapoteza muda akiitafuta. Microsoft ilipotoa Office 2000 iliweka menyu zilizoficha amri zisizotumiwa sana, na mamilioni ya watu wakaanza kutafuta vitu walivyoviona jana. Mwaka 2004 Leah Findlater na Joanna McGrenere wa Chuo Kikuu cha British Columbia walilinganisha menyu za aina tatu: iliyotulia, inayobadilishwa na mashine, na ile ambayo mtumiaji mwenyewe anaipanga. Inayobadilishwa na mashine ilikuwa ya polepole kuliko iliyotulia. Walipoulizwa wanapendelea ipi, wengi walitaja ile waliyoipanga kwa mikono yao. Office ya mwaka 2007 ilikuja na mpangilio mpya kabisa, na menyu zile za kujificha zikaachwa.

Kufikia wakati huo uwanja mkubwa wa majaribio ulikuwa umehamia kwenye intaneti. Mwaka 1992 watafiti wa Xerox PARC kule California walieleza mfumo wao wa Tapestry, uliochuja barua pepe na habari kwa kutumia maoni ya wasomaji wengine. Mwaka 1994 timu ya Paul Resnick na John Riedl ilitoa GroupLens, ambayo iliwakadiria wasomaji wa makundi ya habari ya Usenet ni ujumbe gani ungewafaa, kwa kuangalia watu waliokubaliana nao hapo nyuma. MIT nayo ilikuwa na Ringo ya Upendra Shardanand na Pattie Maes, iliyopendekeza muziki. Kazi hiyo ikazaa kampuni ya Firefly, na Microsoft ikainunua mwaka 1998. Kasi ilikuwa kubwa. Mwaka 1996 Yahoo ilifungua My Yahoo, ambako kila mtu angeweza kuchagua habari, hali ya hewa ya mji wake, matokeo ya michezo na bei za hisa, vyote katika ukurasa mmoja.

Agosti 2000 Udi Manber na wenzake wawili wa Yahoo waliandika waliyojifunza kutokana na My Yahoo, katika jarida la Communications of the ACM. Naona makala ile fupi ina thamani kuliko vitabu vingi vya somo hili, kwa kuwa ilitoka kwa watu waliohudumia mamilioni na hawakuficha walichokiona. Watumiaji wengi hawakubadilisha kitu. Waliuchukua ukurasa kama walivyoukuta, hivyo ukurasa wa kuanzia ukawa jambo la kushughulikiwa kuliko mengine yote. Wachache waliobadilisha walifanya hivyo kwa nguvu kuliko wajenzi walivyotarajia. Kwa mpimaji huu ni mtihani mgumu: bidhaa moja ina watu wa aina mbili, na wastani wao hauelezi kundi lolote kati ya hayo mawili.

Miaka miwili kabla ya makala hiyo, Jakob Nielsen alikuwa amekwisha kumwaga maji baridi juu ya shauku yote. Nielsen, Mdenmark aliyefanya kazi Marekani, alikuwa jina kubwa katika fani ya kupima urahisi wa kutumia tovuti. Oktoba 1998 aliandika kwamba kujipanga kwa tovuti kufuata mtu kumepewa sifa kupita kiasi, na kwamba mara nyingi ni kisingizio cha kukwepa kazi ya kupanga tovuti vizuri ili mtu ajipatie mwenyewe anachokitaka. Alikubali kwamba kuna mahali kunafaa: pale ambapo haja ya mtu inaelezeka kwa maneno machache na haibadiliki sana, kama hali ya hewa ya mahali anapoishi. Kwingineko, haja ya mtu leo si ya kesho, na mashine haina njia ya kuijua.

Hapo kuna jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Nielsen huyohuyo, pamoja na Thomas Landauer, mwaka 1993 walikuwa wametoa hesabu iliyobadilisha kazi ya wapimaji duniani. Walionyesha kwamba ukiwaketisha watu watano tu mbele ya bidhaa na kuwatazama wakiitumia, unaweza kuona takriban asilimia 85 ya kasoro zake. Wapimaji wengi waliishi kwa kanuni hiyo, kwa sababu ni nafuu na inafanya kazi. Lakini imejengwa juu ya sharti ambalo halikuhitaji kusemwa wakati ule: wote watano wanatazama kitu kimoja. Tovuti inayojipanga inavunja sharti hilo. Watu watano wanaona tovuti tano. Kasoro iliyomkwaza wa pili huenda wa tatu asingeweza kukutana nayo hata angekaa siku nzima.

Halafu kuna suala la muda. Mtu anayeletwa kwenye chumba cha majaribio hupewa akaunti mpya, na akaunti mpya haina historia. Mashine haimjui. Mpimaji anaandika ripoti juu ya siku ya kwanza ya tovuti ambayo uzuri au ubaya wake utajitokeza baada ya miezi mitatu. Akipewa akaunti iliyokwisha kujazwa historia ya kubuni, anaona mapendekezo ya mtu mwingine, na anaulizwa kama yanamfaa yeye. Hata kazi anazopewa, kwa mfano kutafuta zawadi ya rafiki, si haja yake ya kweli. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998, kinataka urahisi wa kutumia kitu upimwe kwa mambo matatu: mtu afikie lengo lake, afikie bila kupoteza nguvu nyingi, na aridhike, yote hayo kwa watumiaji maalumu wenye malengo maalumu katika mazingira maalumu. Kwa tovuti yenye sura tofauti kwa kila mtu, mazingira hayo hubadilika kila mtu anapobofya.

Wafanyabiashara walipata njia yao ya kukwepa ugumu huu. Greg Linden, mhandisi wa Amazon katika miaka ya mwanzo ya kampuni hiyo, amesimulia jinsi alivyotengeneza mapendekezo ya bidhaa kwa kuangalia vitu vilivyokwisha kuingizwa kwenye kikapu cha mnunuzi. Kiongozi mmoja wa ngazi ya juu alikataa, akihofu kwamba mteja aliyefika hatua ya kulipa atavutwa kando. Linden aliambiwa aache. Hakuacha, aliwaonyesha sehemu ya wateja ukurasa wenye mapendekezo, wengine wakabaki na ule wa zamani, kisha akalinganisha mauzo. Mapendekezo yalishinda kwa mbali, na yakawekwa. Mwaka 2003 yeye na wenzake wawili walieleza hadharani algoridhimu ya Amazon, iliyolinganisha bidhaa na bidhaa badala ya mtu na mtu, katika duka lililokuwa na wateja zaidi ya milioni 29.

Ninamheshimu Linden kwa ushupavu huo, na jaribio la aina hiyo lilikuwa hatua kubwa mbele. Linapima watu halisi wenye haja halisi, na linawalinganisha na wasiopewa huduma hiyo. Udhaifu wake uko kwenye kinachohesabiwa. Mauzo na mibofyo humweleza mwenye duka kilichotokea kwenye seva yake. Hayasemi kama mnunuzi alipata alichokihitaji, kama aliubofya ukurasa kwa kuchanganyikiwa, au kama baada ya wiki alijutia alichonunua. Kipimo kinachorahisisha kazi ya anayepima kina tabia ya kuchukua nafasi ya lile swali lililokusudiwa. Tukio lililoonyesha hivyo waziwazi lilianza tarehe 2 Oktoba 2006.

Siku hiyo Netflix, ambayo wakati huo ilikodisha filamu za DVD kwa njia ya posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa yeyote atakayeboresha kwa asilimia 10 ubashiri wa mfumo wake, Cinematch. Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja 480,189 kwa filamu 17,770. Kazi ilikuwa kubashiri nyota ambazo mteja angeipa filamu, na kipimo kilikuwa kimoja tu: ukubwa wa kosa kati ya ubashiri na nyota halisi. Cinematch ilikuwa na kosa la 0.9525 kwenye data ya mtihani. Ili kushinda ilibidi kufika 0.8572.

Maelfu ya timu kutoka kila pembe ya dunia zilijitosa. Ndani ya mwaka wa kwanza timu ya AT&T ilipunguza kosa kwa asilimia 8.43 kwa kuunganisha algoridhimu 107. Kutoka hapo kila sehemu ya asilimia iligharimu miezi ya kazi. Timu ziliungana, zikameza nyingine, na mwisho, Julai 2009, timu mbili zilikuwa na matokeo yaliyolingana kabisa, 0.8567. BellKor's Pragmatic Chaos ilikuwa imewasilisha yake dakika 20 kabla ya The Ensemble, na dakika hizo ndizo zilizoamua. Zawadi ikatolewa tarehe 21 Septemba 2009.

Mfumo ule ulioshinda haukuwahi kuwekwa kazini kwa ukamilifu wake. Mwaka 2012 wahandisi wa Netflix waliandika kwamba walikuwa wamechukua algoridhimu mbili za awali, zilizotokana na kazi ya timu iliyoongoza mwaka 2007, na kwamba usahihi wa ziada uliopatikana baadaye haukulingana na gharama ya kuuingiza kwenye huduma. Biashara yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 2007 kampuni ilianza kuonyesha filamu kupitia intaneti, na mtu anayechagua filamu ya kuangalia usiku huu huu hafanyi uamuzi kama wa anayeagiza DVD itakayofika keshokutwa. Anaacha filamu baada ya dakika kumi, anarudia ya zamani, anaangalia pamoja na watoto. Nyota hazikuyasema hayo. Agosti 2013 Netflix iliongeza wasifu tofauti ndani ya akaunti moja, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikisomwa na mashine kama mtu mmoja.

Nasema bila kusita kwamba mashindano yale yalifundisha ulimwengu hesabu nyingi nzuri na yakaelekeza macho ya watafiti mahali pasipofaa. Wapo waliokwisha kuonya mapema. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Riedl na Joseph Konstan waliendesha MovieLens tangu 1997, tovuti ya kupendekeza filamu ambayo haikuwa na kitu cha kuuza, kwa hiyo waliweza kuuliza maswali ambayo mwenye duka angeyaogopa. Mwaka 2000, wakiwa na Jonathan Herlocker, walijaribu njia 21 za kumweleza mtu kwa nini amependekezewa filamu fulani. Iliyofaulu zaidi ilikuwa mchoro mwepesi unaoonyesha watu wanaofanana naye waliipa filamu alama gani. Maelezo yaliyojaa takwimu yaliwachanganya, na baadhi yalikuwa mabaya kuliko kutoeleza kabisa.

Mwaka 2003 Dan Cosley na wenzake wa kundi hilohilo walifanya jaribio ambalo kila mtu anayesifu usahihi wa mashine angepaswa kulifahamu. Waliwaomba watu wazipe alama upya filamu walizokwisha kuzipa, na mbele yao wakaweka ubashiri wa mfumo, wakati mwingine wa kweli, wakati mwingine uliopandishwa au kushushwa makusudi. Alama za watu zilivutwa kuelekea ubashiri ulioonyeshwa. Kwa hiyo nyota zinazotumiwa kupima kama mashine imebashiri vizuri zinaweza kuwa zimekwisha kuguswa na mashine hiyohiyo. Jambo jingine lilitia moyo: watu waliopewa ubashiri wa uongo hawakuridhika na mfumo kama wenzao. Walihisi kitu hakiko sawa.

Mwaka 2005 Cai-Nicolas Ziegler, pamoja na Konstan na wengine, waliwashirikisha wasomaji zaidi ya 2,100 wa tovuti ya vitabu ya BookCrossing. Waliwapa orodha za vitabu zilizochanganywa mada kwa viwango tofauti. Kadiri mchanganyiko ulivyoongezeka, usahihi wa kila pendekezo ulishuka, lakini hadi kiwango fulani wasomaji waliipenda orodha zaidi. Anayependa riwaya za upelelezi hataki kupewa kumi za mwandishi mmoja. Mwaka uliofuata Sean McNee, Riedl na Konstan waliandika kwa ukali kwamba vipimo vya usahihi vimeuumiza utafiti wao. Mfano wao ni wa msafiri anayeomba ushauri akapewa orodha ya miji aliyokwisha kuitembelea. Kwa hesabu za usahihi mfumo huo umefaulu vizuri sana. Kwa msafiri hauna kazi.

Ulaya ilichangia njia ya kuyapanga maswali haya. Anthony Jameson, aliyefanya kazi Ujerumani, alieleza mambo ambayo mfumo unaojipanga unaweza kuyaharibu hata unapobashiri sawasawa: mtu asiweze kutabiri kitakachotokea, asielewe sababu, asiwe na mamlaka juu yake, asumbuliwe, siri zake ziwe hatarini, na upeo wake wa kuona mambo upungue. Peter Brusilovsky na wenzake walipendekeza mwaka 2001 kwamba upimaji ufanywe kwa tabaka, na mwaka 2010 Alexandros Paramythis, Stephan Weibelzahl na Judith Masthoff wakaikamilisha njia hiyo katika makala ndefu. Badala ya kuuliza tu kama tovuti ni nzuri, unauliza kwanza imekusanya nini juu ya mtu, imekitafsiri vipi, imejenga picha gani juu yake, imeamua kufanya nini kwa sababu hiyo, na imetekeleza vipi uamuzi huo mbele ya macho yake.

Faida yake inaonekana kwenye mfano wa kawaida. Mama anatumia simu ambayo mwanawe wa sekondari naye huitumia, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Mtoto ametafuta maelezo ya ugonjwa wa kisukari kwa ajili ya somo la biolojia. Kesho yake tovuti ya afya inamwonyesha mama ukurasa uliojaa dawa za kisukari, na taarifa za chanjo za mtoto mchanga alizozoea kuzisoma zimesukumwa chini. Ukipima kwa kuhesabu mibofyo utaona tu kwamba mama ameondoka. Ukipima kwa tabaka utaona kwamba data ilikusanywa sawa, ukurasa ulipangwa vizuri, na kosa limekaa katikati: mashine ilidhani simu moja ni mtu mmoja, na ikadhani anayesoma juu ya ugonjwa anaugua. Hakuna kuboresha rangi wala menyu kutakakoponya kosa hilo.

Wakati wanasayansi wakijenga mizani hiyo, sura ya intaneti ilibadilika bila watu wengi kujua. Desemba 2009 Google ilianza kupanga matokeo kufuata historia ya mtafutaji hata kwa wasiojiandikisha. Mwaka 2011 Eli Pariser alichapisha The Filter Bubble, akieleza hofu yake kwamba kila mtu atafungiwa na mambo anayoyapenda. Watafiti wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa hatari hiyo. Kwa upimaji, jambo lililobadilika ni kwamba mtumiaji hakuwa tena na ukurasa wa kawaida wa kulinganishia, na pasipo ulinganisho swali la Rich haliwezi kujibiwa hata na mtumiaji mwenyewe.

Sheria zikaingia mahali ambapo hiari ilishindwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu huduma za kidijitali, iliyopitishwa mwaka 2022, inayataka majukwaa makubwa kabisa, yenye watumiaji wasiopungua milioni 45 katika Umoja huo, yawape watu angalau njia moja ya kupata mapendekezo yasiyotokana na wasifu wao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinahusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee juu ya mtu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizi hazipimi urahisi wa kutumia kitu. Zinampa raia mguu wa kusimamia anapouliza.

Kwa hiyo nawaomba wanaojenga huduma za benki, afya, magazeti na elimu kwa wasomaji wa Kiswahili wasitosheke na takwimu za mibofyo wanazoletewa. Wawatazame watu halisi wakitumia akaunti zao wenyewe, siku ya kwanza na tena baada ya miezi kadhaa. Wawashirikishe wanaotumia simu moja watu watatu. Wawaulize kama wanajua kwa nini wameonyeshwa walichoonyeshwa, na kama wanajua pa kubofya ili kukikataa. Na katika kila jaribio wabakize kundi linaloona ukurasa wa kawaida, ili faida inayodaiwa iwe na kitu cha kulinganishwa nacho.